Mtambo mmoja, watafiti wengi: Tembe yako ilivyoonekana ikifanya kazi

Si muda mrefu uliopita mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa nguo za mitumba hapa jijini, alinijia kliniki akiwa na wasiwasi mkubwa. Amekuwa akimeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kwa miaka mingi, na kila alipopimwa wingi wa virusi mwilini jibu lilikuwa lile lile: havionekani. Safari hii vilionekana. Huko alikokuwa akichukua dawa alikaripiwa kwamba anaruka siku. Mama akaapa hajaruka hata jioni moja, nami nikamwamini, kwani tembe zilizobaki katika mkebe zilihesabika sawasawa.

Nilimwomba aweke mezani kila dawa aliyokuwa nayo mkobani. Kando ya mkebe wa ARV kulikuwa na tembe za kutafuna za kutuliza kiungulia, zile zinazouzwa katika duka lolote la dawa bila cheti cha daktari. Kila usiku baada ya chakula alikuwa akimeza ARV, na papo hapo akitafuna mbili za kiungulia ili alale vizuri.

"Sasa Daktari," akaniuliza, "hizi tembe zinagombania nini huko tumboni?"

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua mwenyewe. Wanakemia walikuwa na jibu lake vichwani kwa muda, lakini lilionekana waziwazi kwa mara ya kwanza mwaka wa 2010, katika mtambo mkubwa ulioko Uingereza. Mtambo huo si mali ya chuo kikuu chochote wala si wa kampuni yoyote ya dawa, lakini vyuo na makampuni huutumia kwa zamu. Na kilichowezesha jibu kuonekana ni virusi ambavyo asili yake ni uvimbe wa mgonjwa wa hapa hapa Kenya, uliofanyiwa uchunguzi mwaka wa 1971.

Najua baadhi yenu mtasema habari za mitambo ya watafiti haziwahusu. Nami nasema zinamhusu kila anayemeza dawa, na kila mlipa kodi pia.

Mkasi na gundi

Tuanze na virusi vyenyewe. Virusi vya Ukimwi vikishaingia ndani ya seli ya damu hufanya jambo ambalo virusi vya mafua havifanyi: hukata uzi wetu wa urithi, yaani DNA, na kujipachika humo. Vikishapachikwa, seli hiyo itavibeba maisha yake yote. Kifaa vinachotumia kukata na kubandika ni kimeng'enya kiitwacho integresi. Ukitaka, kifikirie kama fundi cherehani mwenye mkasi mkono mmoja na gundi mkono wa pili.

Dawa nyingi za ARV za zamani hazikumgusa fundi huyu. Ya kwanza kumlenga ikakubaliwa kutumika ilikuwa raltegravir, mwaka wa 2007 huko Marekani. Ikafuatwa na nyingine, ikiwemo dolutegravir iliyokubaliwa huko mwaka wa 2013, ambayo iligunduliwa na kampuni ya Shionogi ya Japani pamoja na GlaxoSmithKline. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa za Afrika kuanza kutumia dolutegravir ya bei nafuu, mwaka wa 2017. Kama wewe au jamaa yako anameza tembe moja kwa siku ambayo wahudumu huiita TLD, ile herufi D ya mwisho ndiyo hiyo.

Sasa hapa pana jambo la ajabu kidogo. Raltegravir ilipoanza kuuzwa, hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kuona jinsi inavyomshika fundi. Ilijulikana kwamba inafanya kazi, kwa vipimo vya maabara na vya wagonjwa. Lakini namna dawa inavyokaa ndani ya kimeng'enya, inashika wapi na inazuia nini, hayo yalikuwa ya kukisia. Na dawa usiyojua inavyoshika ni vigumu kuiboresha virusi vikianza kuizoea.

Kwa nini hakuna aliyeona? Kwa sababu hakuna darubini ya kawaida inayoweza kuonyesha kitu kidogo kiasi hicho. Njia iliyozoeleka ni kugeuza protini iwe fuwele, yaani punje ngumu ambamo protini zimepangwa safu kwa safu kama chembe za chumvi ya mawe, kisha kuipiga kwa miale ya eksirei. Miale hiyo hutawanyika kwa mpangilio wa madoa, na kompyuta hurudi nyuma kutoka kwenye madoa hadi kwenye umbo. Protini moja peke yake haitoshi kutawanya miale ya kuhesabika. Zikiwa nyingi mno, zimesimama zote mkao mmoja, madoa hutokea.

Tatizo ni kwamba integresi ya virusi vya Ukimwi, ikiwa imeshikana na DNA kama inavyokuwa kazini, ilikataa katakata kuwa fuwele. Ilikuwa ikigandamana ovyo, kama uji uliofanya madonge. Watafiti wa nchi mbalimbali walihangaika nayo kwa muda wa miaka karibu 20.

Virusi kutoka Kenya

Mwaka wa 1971 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, akiwemo Bert Achong na Anthony Epstein, walitangaza kwamba wamekuta virusi vya namna ya pekee katika seli walizokuwa wakizikuza maabara. Huyu Epstein ndiye yule ambaye jina lake limo katika virusi vya Epstein-Barr, alivyovigundua yeye na wenzake mwaka wa 1964. Seli walizokuwa nazo safari hii zilitoka katika saratani ya sehemu ya nyuma ya pua, ya mgonjwa kutoka Kenya. Virusi hivyo vilifanya seli zionekane kama zimejaa povu, na ndiyo sababu vikaitwa virusi vya povu.

Baadaye ulinganisho wa jeni ulionyesha kwamba asili yake ni virusi vya sokwe. Havijulikani kusababisha ugonjwa wowote kwa binadamu. Kwa muda mrefu vilikaa katika maabara kama kitu cha kuwavutia wataalamu wachache tu, na mtu angeweza kuuliza vina faida gani.

Faida yake ilikuja kuonekana karibu miaka 40 baadaye. Peter Cherepanov na wenzake wa Imperial College London, wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, waliamua kuacha ile integresi kaidi ya virusi vya Ukimwi na kumtafuta binamu yake mpole. Integresi ya virusi vya povu inafanana sana na ile ya Ukimwi katika sehemu muhimu, yaani pale penye mkasi. Wakajaribu kuifanya fuwele. Walijaribu kwa miaka 4, majaribio zaidi ya 40,000. Katika majaribio yote hayo walipata aina 7 tu za fuwele, na kati ya hizo ni moja peke yake iliyofaa.

Nakuomba, msomaji, uitazame tena hesabu hiyo. Majaribio 40,000, fuwele moja. Kazi ya namna hiyo haifanywi na kampuni inayotakiwa kuwaonyesha wenye hisa faida kila baada ya miezi mitatu. Inafanywa katika chuo kikuu, kwa fedha za umma na za wahisani, na watu wenye subira ya mvuvi.

Fuwele ikiwa tayari, walihitaji miale. Na hapo ndipo unapoingia mtambo wenyewe.

Pete ya mita 562

Mtambo huo unaitwa Diamond, na uko Harwell katika jimbo la Oxfordshire. Jengo lake ukiliona kwa juu ni pete kubwa ya rangi ya fedha. Ndani yake kuna mfereji wa mviringo wenye mzingo wa mita zipatazo 562, usio na hewa, ambamo elektroni huzungushwa kwa kasi inayokaribia kabisa ile ya mwanga. Sumaku zenye nguvu huzipindisha zisitoke njiani. Kila zinapopindishwa, elektroni hutoa mwanga, kama vile matope yanavyoruka kutoka kwenye gurudumu la matatu linalokata kona. Mwanga huo una miale ya eksirei, na wenyeji wa Diamond husema unang'aa mara bilioni 10 kuliko jua. Wataalamu huuita mtambo wa aina hii sinkrotroni.

Kuizunguka pete kuna vyumba vya kazi zaidi ya 30, kila kimoja kikichota mwanga wake. Katika chumba kimoja kuna mtu anachunguza fuwele ya protini, katika cha pili mwingine anachunguza chuma cha injini ya ndege, cha tatu kuna betri, cha nne kipande cha mbao za meli ya kale. Wote wanatumia elektroni zile zile kwa saa ile ile, wala hakuna anayempunguzia mwenzake.

Ujenzi wa awamu ya kwanza uligharimu zaidi ya pauni milioni 250, na watafiti wa kwanza waliingia mwaka wa 2007. Serikali ya Uingereza inamiliki asilimia 86, na shirika la hisani la Wellcome asilimia 14.

Kwa fedha hizo unaelewa mara moja kwa nini hakuna chuo kinachojijengea chake, na kwa nini hata kampuni tajiri ya dawa haioni faida ya kujenga. Fuwele moja inahitaji dakika chache tu za mwanga. Utanunuaje basi zima ili usafiri mara mbili kwa mwaka?

Lakini kugawana si jambo rahisi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu mpango wao unanipendeza. Mtafiti anayetaka mwanga hupeleka ombi lake kwa maandishi. Jopo la wanasayansi wenzake hulisoma na kulipima kwa ubora wa swali, bila kujali ukubwa wa chuo. Akikubaliwa hupewa zamu, na zamu moja ni saa 8, mchana au usiku. Nimeona watafiti wakisimulia kula mkate mkavu saa tisa za usiku wakisubiri kompyuta. Zamu hiyo hailipii hata senti, mradi jambo moja litimizwe: matokeo lazima yachapishwe, kila mtu ayasome.

Kampuni nayo inaruhusiwa kuingia. Inaweza kushirikiana na chuo kwa masharti yale yale ya kuchapisha, na hapo hailipi. Au inaweza kusema, hapana, haya ni mambo yetu ya siri. Sawa, basi lipa kila saa uliyotumia, chukua matokeo yako, nenda nayo nyumbani. Kwa hiyo anayetoa elimu kwa umma anapewa bure, naye anayeificha anainunua. Sehemu kubwa ya muda wa mtambo imetengewa wale wa bure. Makampuni hupata sehemu ndogo tu, ila fedha zao husaidia kulipa gharama.

Wapo wanaonung'unika. Watafiti wa vyuo husema foleni ni ndefu, na maombi mengi mazuri hukataliwa. Makampuni nayo husema hayawezi kungoja jopo likae ilhali mshindani anakimbia. Ndiyo maana Marekani walifanya vingine. Katika maabara ya Argonne karibu na Chicago kuna pete kubwa zaidi, yenye mzingo wa zaidi ya kilomita moja, iliyotoa mwanga wa kwanza mwaka wa 1995. Makampuni kadhaa ya dawa, ambayo sokoni hayapendani, yaliungana yakachanga fedha, yakajijengea chumba chao cha pamoja kwenye pete hiyo ya serikali. Argonne huhesabu Kaletra miongoni mwa matunda ya mtambo wake. Hiyo ni dawa ya kampuni ya Abbott iliyokubaliwa mwaka wa 2000, na sisi madaktari wa Kenya tuliitegemea kwa miaka mingi kwa wagonjwa ambao dawa za kwanza zilikuwa zimewashinda.

Wengine wamefanya vivyo hivyo kwa darubini. Mwaka wa 2016 huko Cambridge, kampuni 5 za dawa zilianza kutumia kwa zamu darubini moja ya elektroni ya kugandisha protini kwa baridi kali, iliyowekwa katika jengo la chuo kikuu, chini ya uangalizi wa wataalamu wa maabara ya baraza la utafiti wa tiba. Kila kampuni na siku zake. Wanafundishwa pamoja jinsi ya kuitumia, halafu kila mmoja anafunga mlango na protini yake. Mimi nikisoma habari hizi hukumbuka kina mama wa chama cha akiba: hawaambiani mapato yao, lakini sufuria kubwa ya arusi ni moja.

Picha yenyewe

Turudi kwa ile fuwele moja. Mapema mwaka wa 2010 umbo la integresi ikiwa imeshika DNA lilichapishwa. Watafiti walilowesha fuwele hizo katika raltegravir na dawa nyingine ya kundi hilo, wakapiga miale tena, na dawa ikaonekana imekaa pale pale penye mkasi. Mwaka wa 2011 kundi hilo hilo likafanya vivyo hivyo kwa dolutegravir.

Walichoona ni hiki. Katika moyo wa integresi mna chembe mbili za madini ya magnesiamu, na bila chembe hizo mkasi haukati. Dawa huja ikazing'ang'ania chembe hizo mbili kama mtu anayeshika nguzo mbili za mlango, na kwa kukaa hapo inausukuma kando ule uzi wa DNA ya virusi uliotaka kubandikwa. Dolutegravir ilionekana kukaa kwa nafasi nzuri zaidi kuliko waliotangulia. Vipimo vingine vya maabara vya mwaka huo wa 2011 vilionyesha kwamba inachukua muda wa saa 71 hivi kwa nusu yake kuachia, ilhali raltegravir huachia kwa saa zipatazo 9. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya virusi vipate taabu kuizoea.

Nisije nikatia chumvi. Picha hiyo haikuunda dolutegravir, kwani dawa ilikuwa imeshabuniwa wakati huo. Ilichofanya ni kueleza kwa nini dawa inafaa, na kuwapa wanaotengeneza dawa zijazo ramani badala ya fimbo ya kipofu. Ramani hiyo iliwekwa katika hazina ya wazi ya maumbo ya protini, ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuifungua bure. Hazina hiyo ilianzishwa mwaka wa 1971, mwaka ule ule wa virusi vya povu, ikiwa na maumbo 7. Leo ina zaidi ya 200,000. Anayechota humo anaweza kuwa mwanafunzi wa Eldoret au kampuni kubwa ya Basel, na hakuna anayemuuliza.

Wakati wa Covid faida ya utaratibu huu ilionekana kwa haraka. Watafiti wa Shanghai, wakitumia sinkrotroni ya mji wao, walipata umbo la kimeng'enya kimoja muhimu cha virusi vile vipya, wakalitoa hadharani mapema Februari 2020, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajapatikana Kenya. Diamond nao wakaweka kando foleni ya kawaida, wakapima vipande vya kemikali kwa mamia dhidi ya kimeng'enya hicho, na kutangaza matokeo bila kungoja jarida.

Na sasa magnesiamu ya Mama

Bila shaka umeshaanza kuona jibu la yule mama wa mitumba. Dolutegravir hufanya kazi kwa kung'ang'ania madini. Haichagui mahali. Ikikutana na magnesiamu tumboni, kabla haijafika kwenye damu, itaing'ang'ania huko huko, na vikishashikana havipenyi ukuta wa utumbo. Vitatoka chooni pamoja. Tembe nyingi za kiungulia zimetengenezwa kwa magnesiamu na alumini. Kwa hiyo Mama alikuwa anameza dawa yake kila siku kwa uaminifu, lakini sehemu kubwa yake haikuwahi kufika kwenye damu.

Na sisi je?

Ukiacha Misri, ambayo ni mwanachama wa mtambo wa SESAME uliofunguliwa mwaka wa 2017 nchini Jordan, nchi za Afrika ziko mbali na mwanga huu. Bara letu ndilo pekee lenye wakazi wa kudumu lisilo na sinkrotroni hata moja. Afrika Kusini ilijiunga mwaka wa 2013 na ule mtambo wa nchi nyingi ulioko Grenoble, Ufaransa, kama mshirika mdogo, na wanasayansi wake hupata zamu huko. SESAME yenyewe ni ya kustaajabisha, kwani Iran, Israeli, Palestina, Uturuki, Pakistan na Cyprus zimo katika baraza moja. Ikiwa hao wameweza kugawana mashine, sioni udhuru wa vyuo viwili vya Nairobi vilivyotenganishwa na barabara.

Nasema hivyo kwa uchungu kidogo. Nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari kulikuwa na idara moja iliyokuwa na mashine nzuri ya kupimia damu, imefunikwa kwa kitambaa cha meza. Idara jirani ilikuwa ikituma sampuli zake nje ya nchi. Nilipouliza, niliambiwa ufunguo uko kwa mkubwa, na mkubwa hayuko. Huenda msomaji nawe una mashine yako unayoijua.

Hata hivyo si kweli kwamba hatuwezi. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, hapa Nairobi, tangu miaka ya 2000 imekuwa na maabara ambazo watafiti wa nchi za Afrika Mashariki na ya Kati huja kuzitumia na kurudi makwao na matokeo. Ziliandaliwa kwa ajili ya ng'ombe na mimea, lakini mwaka wa 2020 zilisaidia kupima sampuli za Covid za binadamu, kwa kuwa mashine haijui kama jeni ni ya mtamba au ya mwenye mtamba. Na hata mwanga wa Grenoble au Harwell haumlazimu mtu kupanda ndege siku hizi. Fuwele hugandishwa katika naitrojeni ya maji, hutumwa kwa posta ya haraka, na mtafiti huongoza mtambo akiwa mbele ya kompyuta yake kwao. Kinachohitajika ni mtu aliyefunzwa kuotesha fuwele, na maabara ndogo yenye umeme usiokatika. Hivyo viwili ni rahisi kuliko pete ya mita 562, ingawa kuhusu umeme sitaapa.

Yapo mawili mengine ya kufikiriwa. La kwanza ni yule mgonjwa wa 1971. Siku hizi sampuli ya mgonjwa wa Kenya haipaswi kuvuka mpaka bila idhini yake na ya kamati ya maadili, na bila mkataba unaosema ni nani atafaidi. Ni vizuri. Ukiombwa kutoa damu kwa utafiti, una haki ya kuuliza itapelekwa wapi, itahifadhiwa kwa muda gani, na matokeo yatawekwa wazi au yatafungiwa. La pili ni bei. Picha ya wazi haifanyi tembe kuwa rahisi. Kilichoshusha bei ya dolutegravir ni leseni ya mwaka wa 2014, ambayo wenye hataza waliiruhusu kupitia hazina ya pamoja ya hataza za dawa, ili viwanda vingine viitengeneze kwa ajili ya nchi maskini. Mwaka wa 2017 ikatangazwa bei ya dola 75 hivi kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima kwa ile tembe ya TLD.

Nimalizie kwa yale yanayokuhusu nyumbani, kama unatumia dolutegravir. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini zitumie angalau saa 2 baada ya kumeza ARV. Ukiwa umeanza kutumia ya kiungulia, subiri saa 6 ndipo umeze ARV. Tembe za madini ya chuma na za kalsiamu, ambazo wajawazito wengi hupewa, zina tabia hiyo hiyo. Fuata muda huo huo, au zimeze zote pamoja na chakula, kwani palipo na chakula kingi tumboni mvutano hupungua. Hii haihusu zile za kiungulia. Vitamini zenye madini zichukulie vivyo hivyo.

Kama una kisukari na unatumia metformin, mwambie daktari wako, kwa sababu dolutegravir huifanya metformin kuongezeka mwilini na huenda kipimo kikahitaji kupunguzwa. Kama umeanza matibabu ya kifua kikuu yenye rifampicin, dolutegravir ya mara moja kwa siku haitoshi. Utahitaji kuongezewa ya pili, saa 12 baada ya ile ya kwanza. Na usiache ARV kwa sababu umesoma haya. Peleka mkoba wako wote kliniki, pamoja na dawa za dukani na za mitishamba, uzimimine mezani.

Mama wa mitumba sasa humeza ARV saa kumi na mbili jioni, anapofunga kibanda chake. Ya kiungulia huitafuna saa tatu usiku, ikiwa bado anaihitaji. Baada ya miezi mitatu alipimwa tena, na virusi havikuonekana. Alinijia na karatasi ya majibu mkononi na swali jingine, safari hii kuhusu maziwa ya ngamia, nikamwambia hilo tutalizungumza wiki nyingine.